Dkt Hilonga na uchafu ambao kuchemsha maji hakuuondoi



Kila mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ameambiwa achemshe maji ya kunywa. Ni ushauri mzuri na safu hii imeurudia mara nyingi, hasa nyakati za kipindupindu. Leo siuondoi. Nauongezea nusu yake ya pili, ambayo husemwa mara chache: kuna uchafu ambao moto hauuwezi, na katika baadhi ya visima vya kanda ya kati na kaskazini, uchafu huo ndio unaoharibu meno na mifupa ya watoto wetu.

Nimechagua kulieleza jambo hili kupitia kazi ya Dkt Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Kitanzania, kwa sababu kazi yake inaanzia pale sufuria inaposhindwa. Pia nataka vijana wetu wanaoikimbia kemia wajue kuwa somo hilo linaweza kuishia kwenye kikombe cha maji cha mdogo wao.

Kijana wa Gongali

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya kaskazini unapita Kondoa na Babati, ukifika Makuyuni unakata kushoto, unapita Mto wa Mbu na kupanda hadi Karatu. Katika wilaya hiyo kuna kijiji kinachoitwa Gongali. Ndiko anakotoka Dkt Hilonga. Mwenyewe amekuwa akieleza kuwa hali ya maji kijijini kwao, na magonjwa yanayotokana na maji hayo, ndiyo iliyomsukuma kwenye kazi anayoifanya.

Masomo yalimfikisha Korea Kusini, katika Chuo Kikuu cha Hanyang, ambako alipata shahada ya uzamivu akishughulika na nanoteknolojia, yaani sayansi ya vitu vidogo mno. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa kichwani kwako una upana wa nanomita 80,000 hivi. Sasa fikiria mtu anayetengeneza vitu vyenye matundu ya nanomita chache tu.

Angeweza kubaki huko nje au kuishia kuandika makala za kitaalamu. Alirudi nyumbani na kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Hapo alitengeneza chujio la maji aliloliita Nanofilter, na akaanzisha kampuni ya kulisambaza. Kampuni aliiita Gongali Model, kwa jina la kijiji chake.

Sayansi ya kuunganisha vitu vidogo

Ili tuelewe alichofanya, tuanzie kwenye dumu la maji lililopo jikoni kwako. Dumu, ndoo, tangi jeusi la nje na bomba la plastiki vyote vimetengenezwa kwa polima. Polima ni molekuli ndogo nyingi zilizoshikana kama shanga kwenye uzi mrefu. Hata wanga ulioko kwenye ugali wa uwele ni polima, ila huo umetengenezwa na mmea.

Leo tunalisema kirahisi, lakini mwaka 1920 mkemia Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika kuwa mpira na vitu vya namna hiyo ni minyororo mirefu ya molekuli, wakemia wengi wakubwa wa wakati wake walimkatalia. Aliendelea na utafiti wake. Mwaka 1953, zaidi ya miaka 30 baadaye, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Dumu ambalo mama wa Bahi au Chamwino analibeba kichwani, jepesi kuliko mtungi na lisilopasuka likianguka, ni tunda la ujuzi huo.

Wazo hilo hilo la kushikamanisha vidogo kuwa kikubwa linafanya kazi pia kwenye mchanga. Mchanga mweupe unaong'aa kwa sehemu kubwa ni kitu ambacho wakemia hukiita silika. Ukiuyeyusha pamoja na magadi ya kiwandani unapata silikati ya sodiamu, ambayo huyeyuka kwenye maji. Ukiongeza asidi kwa utaratibu maalumu, chembe za silika zinaanza kushikana. Safari hii hazitengenezi uzi. Zinajenga wavu unaokwenda pande zote, na katikati ya wavu huo yanabaki matundu madogo yasiyohesabika. Ukiukausha vizuri unapata kitu chepesi mno. Utafiti wa Dkt Hilonga kule Korea ulihusu vitu vya aina hii.

Umewahi kukiona kimojawapo bila kujua. Kile kipakiti kidogo kinachowekwa ndani ya boksi la viatu vipya, chenye punje zinazong'aa, ni silika ya namna hiyo. Kimewekwa humo kunyonya unyevu. Uwezo wake unatokana na matundu: gramu moja tu, ukiweza kuikunjua kuta zake zote, ina eneo la mita za mraba mia kadhaa. Hiyo ni zaidi ya sakafu ya nyumba ya kawaida ya familia. Kitu chenye kuta nyingi hivyo kina mahali pengi pa kunasia vitu vingine.

Sukari kwenye chai

Chujio la Dkt Hilonga linafanya kazi kwa hatua. Kwanza maji yanapita kwenye mchanga, ambao unazuia takataka na vijidudu vingi. Kuchuja kwa mchanga si jambo jipya. Miji mingi duniani ilisafishiwa maji hivyo tangu karne ya 19. Baada ya mchanga, maji yanapita kwenye vile vitu vya nanoteknolojia, ambavyo kazi yake ni kunasa kemikali zilizoyeyuka ndani ya maji, kama floraidi na baadhi ya metali.

Kwa nini mchanga peke yake hautoshi? Chukua chai ya rangi yenye sukari uipitishe kwenye chujio la jikoni. Majani yatabaki, sukari itapita. Sukari imeyeyuka na haina umbo la kuzuiliwa. Floraidi kwenye maji ya kisima iko vivyo hivyo. Inapita kwenye kitambaa, inapita kwenye mchanga, na kwa macho huioni.

Sasa ichemshe chai hiyo kwa muda mrefu. Maji yanapungua kwa mvuke na chai inazidi kuwa tamu. Floraidi nayo haitoki na mvuke. Tuseme umechota lita 5 za maji yenye miligramu 2 za floraidi kwa kila lita. Jumla una miligramu 10. Ukichemsha hadi zibaki lita 4, zile miligramu 10 bado zimo, ila sasa kila lita ina miligramu 2.5. Vijidudu vimekufa, na hilo ni muhimu sana, lakini floraidi imekolea.

Dawa ya klorini inaua vijidudu na kuiacha floraidi ilipo. Kuanika chupa za maji juani ni vivyo hivyo. Njia zote hizo ni nzuri kwa kazi yake. Kosa letu ni kudhani kuwa uchafu wa maji ni wa aina moja.

Floraidi inafanya nini mwilini

Kwa kiasi kidogo floraidi huyalinda meno yasitoboke, na ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Tatizo ni kuzidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, kabla ya kiwango kushushwa hadi 1.5.

Floraidi hii inatoka ardhini, kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na pia kwenye baadhi ya miamba ya itale, yale mawe makubwa yanayotuzunguka hapa kwetu. Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga ni mikoa inayojulikana kwa visima vyenye floraidi nyingi. Hiyo haimaanishi kila kisima cha mikoa hiyo ni kibaya, wala kila kisima cha nje ya mikoa hiyo ni salama. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa.

Wanaoumia kwanza ni watoto wadogo. Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi anapofikisha miaka 8 hivi. Akinywa floraidi nyingi katika kipindi hicho, meno yanaota yakiwa na mabaka meupe, na hali ikiwa mbaya zaidi yanakuwa ya kahawia na yenye vishimo. Mzazi anayaona meno mtoto akiwa darasa la kwanza au la pili, wakati madhara yalishaingia miaka kadhaa nyuma. Hakuna mswaki unaoyaondoa.

Hapa nawaomba walimu na wazazi wenzangu tuwe na huruma. Mtoto mwenye meno ya kahawia hutaniwa kuwa hapigi mswaki, na wapo wanaokua wakiziba mdomo kwa kiganja kila wanapocheka. Mtoto huyo hana uchafu wowote. Alikunywa maji aliyopewa.

Kwa mtu anayekunywa floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, madhara yanafika kwenye mifupa. Viungo vinakakamaa, mgongo unauma, na kwa baadhi ya watoto miguu inapinda.

Ulimi hauwezi kupima

Sisi wa Dodoma tunayapima maji kwa ulimi. Tunasema haya ni maji ya chumvi, haya ni matamu. Kweli maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, lakini ladha hiyo haikuambii lolote kuhusu floraidi. Floraidi kwa viwango tunavyozungumzia haina rangi, haina harufu na huwezi kuionja. Maji ya chumvi yanaweza kuwa na floraidi kidogo, na maji matamu yakawa nayo nyingi. Anayejua ni maabara peke yake.

Jambo jingine la jikoni kwetu ni magadi. Mlenda bila magadi kwa wengi haujakamilika, na makande yanawahi kuiva kwa magadi. Tafiti zilizofanyika hapa Tanzania zimeonyesha kuwa magadi ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi na yamehusishwa na madoa ya meno kwa watoto, hata pale ambapo maji hayana tatizo kubwa. Simkatazi mtu mlenda wake. Nasema sahani ya mtoto wa chini ya miaka 8 ipikwe bila magadi, au yawe kidogo sana. Makande ukiyaloweka usiku kucha yanaiva bila magadi.

Tuzo, na swali la bei

Mwaka 2015 Dkt Hilonga alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Zawadi ilikuwa pauni 25,000. Magazeti yaliandika, picha zikapigwa.

Kwangu mimi jambo lenye uzito zaidi ni namna alivyolishughulikia swali la bei. Chujio zuri ambalo familia haiwezi kulinunua halimsaidii mtoto. Kwa hiyo pamoja na kuuza machujio, kampuni yake ilitumia njia ya vituo vya maji: mjasiriamali mmoja anakuwa na chujio, anauza maji yaliyochujwa kwa majirani kwa bei wanayoimudu. Familia hainunui mtambo, inanunua dumu moja la maji ya kunywa. Kwa mazingira yetu, ambako kununua maji kwa dumu ni jambo la kila siku, wazo hilo halihitaji kuelezwa mara mbili.

La pili ni kwamba chujio lake linapangwa kulingana na maji ya mahali husika. Anayesumbuliwa na floraidi hahitaji kitu kile kile anachohitaji mwenye shida ya metali. Kwanza unajua kilichomo, kisha unachagua dawa. Daktari makini hufanya hivyo hivyo kabla ya kukuandikia vidonge.

Wala si yeye peke yake. Arusha kuna kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa joto maalumu, inasagwa, na maji yanapitishwa humo. Mfupa unaipenda floraidi na kuishika. Ndicho kinachotudhuru ikiwa mfupa ni wetu, na ndicho kinachotufaa ikiwa mfupa uko kwenye ndoo ya chujio.

Hata hivyo, chujio lolote la floraidi lina mwisho wake. Nafasi za kunasia zikijaa, maji yanaendelea kutoka meupe na mazuri machoni huku floraidi ikipita yote. Kwa hiyo ukiuziwa chujio la aina yoyote, uliza mambo manne. Linaondoa nini hasa? Nani amelipima kwa maji ya eneo hili? Litachuja lita ngapi kabla ya kubadilishwa vifaa vyake? Vifaa hivyo vinapatikana wapi na kwa bei gani? Muuzaji akijibu kwamba linaondoa kila kitu milele, mrudishie chujio lake.

Ufanye nini nyumbani

Mosi, ulizia maji yako. Kama unatumia maji ya mamlaka ya mji, uliza ofisi yao majibu ya vipimo. Kama ni kisima cha kijiji, anzia kwenye kamati ya maji na ofisi ya RUWASA ya wilaya. Kama umechimba kisima binafsi, peleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Taja wazi kuwa unataka floraidi ipimwe, maana kipimo cha vijidudu peke yake hakitaionyesha.

Pili, endelea kuchemsha au kutibu maji kwa klorini. Kuhara kunaweza kumuua mtoto kwa siku chache. Usiache ulinzi huo kwa sababu ya makala hii. Funika sufuria unapochemsha, na yakishatokota ipua, usiyaache yapungue.

Tatu, mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Hatari inaanza pale maziwa ya kopo au uji unapokorogwa kwa maji ya kisima kile kile.

Nne, kinga maji ya mvua kwa ajili ya wadogo, kwa kuwa hayo karibu hayana floraidi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Bati la mita za mraba 20 likipata milimita 500 za mvua linatiririsha lita 10,000. Hata ukipoteza nusu, umebaki na lita 5,000. Sasa piga hesabu ya mahitaji. Watoto wawili wakitumia lita 4 kwa siku kwa kunywa na uji, kwa siku 210 za kiangazi wanahitaji lita 840. Tangi moja la lita 1,000 linatosha. Huhitaji maji ya mvua ya kufulia na kuoga. Yahifadhi kwa vikombe vya watoto tu. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, tangi lifunikwe, na maji uyachemshe kabla ya kunywa.

Tano, dawa ya mswaki iwe kidogo: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Mfundishe kutema.

Sita, kama mwanao tayari ana madoa, mpeleke kwa daktari wa meno umsikilize. Zipo njia za kuyapunguza mwonekano wake. Na kama ana mdogo wake, bado hujachelewa kwa huyo. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi.

Dkt Hilonga hakutengeneza maji mapya kwa ajili ya Gongali. Aliyachukua maji yale yale, akauliza ndani yake kuna nini, kisha akatafuta kitu cha kukinasa. Swali hilo la kwanza halihitaji shahada ya uzamivu. Kila mzazi anaweza kulipeleka kwenye ofisi ya maji Jumatatu asubuhi.

Tukutane wiki ijayo.